Maji ya Kilele cha Mwisho

Kama umeambiwa ukae kwenye benchi la watu wa kifua, lile linalotengwa mbali na mabenchi mengine, basi haya nakuandikia wewe. Najua ulivyokaa. Umejifunika mdomo kwa ncha ya shuka, unajizuia usikohoe, na kadiri unavyojizuia ndivyo kikohozi kinavyokuja. Wenzako wa malaria na vidonda wanakutazama kwa pembeni kana kwamba umeiba kitu. Mimi nilikaa hapo hapo. Elimu ya dawa sina, na wenye nayo hawakunieleza mengi, kwa hiyo usinitafutie hilo. Nitakueleza ninachokijua, yaani namna ugonjwa huu unavyomgeuza mtu mzima akawa mzigo wa kubebwa na kutuliwa, akasogezwa kivulini na watu wengine, na yeye mwenyewe asiwe na neno.

Jina langu Mhina. Kwetu ni Kwefingo, katika milima iliyo juu ya Muheza. Ukoo wetu umekaa juu ya vilele vinne vilivyopakana: Kwefingo, Kwemhanya, Mlemwa na Bagai. Ukisimama kimoja unauona moshi wa jiko la kingine, na mgeni hudhani ni mwendo wa kutupa jiwe tu. Hajui kwamba kati ya kilele na kilele kuna bonde na mto, na kwamba mguu lazima ushuke mpaka chini kabisa ndipo uanze kupanda upya. Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimeteremka kufanya kazi shamba la mkonge, kwenye kiwanda cha kukwangulia majani tulichokiita korona, katika chumba cha kupigia brashi singa, yaani nyuzi za mkonge. Vumbi lake lilikuwa jeupe, na jioni tulitoka humo sote tumekuwa wazee. Lakini miguu yangu ilikuwa bado ya mlimani, na nilijivuna nayo. Wenzangu wa bondeni wakihema kwenye kijiteremko, mimi nilikuwa napiga mluzi.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa yaliyonipata. Kwetu mtu akifa, tanzia haitumwi kwa barua wala kwa mpita njia. Huichukua mtoto wa kiume wa mwisho wa marehemu, kwa miguu yake, siku ile ile, kilele hadi kilele. Akifika juu hupiga ukelele, watu wakatoka majumbani, naye husema, "Nimesimama kwenu," kisha huwaambia nani hayupo. Anasimama kweli. Haketi kwa mtu, wala hanywi maji, ya mtu wala ya mto, mpaka amalize kilele cha mwisho. Hapo ndipo hupewa kigoda na kata ya maji, akaketi, akanywa, akalia na wenyeji wake. Wazee husema tanzia ukiikalisha njiani, itakaa.

Baba alifariki kabla ya alfajiri, vuli ilipokuwa inaanza. Mtoto wa mwisho ni mimi. Niliomba ruhusa siku chache kabla nije kumwuguza, na nilikuja na kikohozi changu ambacho tulisema ni cha vumbi. Kulipopambazuka nikapiga ukelele Kwefingo, nikashika njia. Kwemhanya nilifika bila taabu. Kupanda Mlemwa nilihisi kama kuna mtu ananikanyaga kifuani, nikasema ni huzuni, nani asiyebanwa kifua siku ya kufiwa na baba? Niliposhuka Mlemwa kwenda Bagai, chini kwenye mto, nilikohoa, mdomo ukajaa kitu cha moto chenye ladha ya chuma. Nikatema. Ilikuwa damu.

Niliogopa sana, nisikufiche. Nilisimama pale na kiu yangu ya toka asubuhi, maji yanapita miguuni, na midomo yangu ni myekundu. Nisingeweza kuwatokea watu wa Bagai katika hali ile na habari ya kifo mdomoni. Nikainama, nikateka maji kwa kiganja, nikasukutua, nikatema mpaka maji yakatoka meupe. Tone halikupita kooni. Kisha nikapanda Bagai, nikasimama, nikasema niliyotumwa, nikapewa kigoda na maji. Baba alizikwa alasiri, na vilele vyote vinne vilikuwapo kaburini.

Nilipokuwa nasukutua, ng'ambo ya mto alikuwapo mtu mmoja wa Bagai akikata majani ya ng'ombe. Yeye hakusema uongo. Alisema tu, "Nilimwona Mhina kainama mtoni." Maneno mengine waliyaongeza wengine.

Nikarudi kazini. Mvua za vuli zikaisha, kaskazi ikavuma, nami nikakonda. Suruali niliifunga kwa kamba ya mkonge. Usiku nilitoka jasho mpaka Zaina, mke wangu, akawa ananigeuzia mkeka. Msimamizi wa chumba cha brashi akanambia niende nyumbani nikapumzike nirudi nikipona, na alivyosema nilijua hanitazamii kurudi. Tukapanda Kwefingo kwa mama. Huko nikakuta ugonjwa wangu umekwisha kupewa jina kabla sijafika: Mhina alikunywa maji njiani, tanzia ya baba yake imemkaa kifuani.

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniuliza mara moja tu, akiwa anachambua mboga mlangoni.

"Mhina, ulikunywa?"

"Sikunywa, mama. Nilisukutua."

"Ulisukutua nini?"

"Damu."

Akaendelea kuchambua mboga. Hakusema nimeamini wala sijaamini. Kesho yake akachukua kikombe kimoja cha bati, akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio, akanipa. "Hiki ni chako peke yako," akasema. Toka siku ile hapana mtu aliyekinywea, na watoto wa jirani walikuwa wakiuona uzi ule wanakizunguka kama nyoka. Sikumlaumu mama. Nyumba ilikuwa na watu, naye alikwisha kumzika mume. Lakini nataka ujue kwamba katika mambo yote ya ugonjwa huu, sindano na damu na kukonda, hakuna lililoniuma kama uzi ule.

Mjomba Kihiyo, kaka wa mama, ndiye aliyetoa hukumu. Kwetu neno la mjomba halirudi chini. Alisema maji niliyoyanywa lazima niyarudishe: nianzie Bagai, nivirudie vilele vyote kinyumenyume kwa siku moja, na buyu la maji mkononi, nimwage kidogo kila kilele, nimalizie Kwefingo kwenye kaburi la baba.

Zaina akasema, "Mjomba, shikamoo yako nimeitoa, sasa nisamehe. Mtu huyu kwenda chooni anashika ukuta. Atapandaje milima minne?"

"Akiimaliza atapona," mjomba akasema. "Asipokwenda, utaniambia wewe cha kufanya?"

Zaina akaenda kutafuta buyu. Huo ndio ukweli wa kifua, ndugu yangu: mtu yeyote akija na njia, hata ya miiba, unaifuata, kwa kuwa wewe mwenyewe huna. Na kulikuwa na sehemu yangu iliyotaka kwenda. Nilijisemea, nikiimaliza, mama ataniamini. Sikuona kwamba kukubali kurudisha maji ni kukiri kwamba niliyanywa.

Tukalala Bagai, tukaanza alfajiri, mimi na mjomba na Zaina. Bagai nikamwaga. Kushuka mtoni nilishuka, maana kushuka hata gogo hushuka. Kuupanda Mlemwa nilikuwa napiga hatua chache nashika mti, napiga chache naketi. Ule mlima nilioupanda utotoni nikiwa na mtungi wa pombe ya miwa ya babu kichwani sasa ulikuwa umesimama mbele yangu kama ukuta, na kila nikiinua macho kilele kilikuwa pale pale. Jua lilipokuwa utosini ndipo nikamwaga maji Mlemwa. Watu wa pale walitoka kututazama, hawakutukaribia.

Kwemhanya sikufika. Nilianguka kwenye migomba, damu ikatoka si ya kutema tena bali ya kumwagika, puani na mdomoni, mpaka buyu likaloa. Nilimsikia Zaina akipiga ukelele, ukelele ule ule wa kileleni, na nikafikiri: basi, sasa mimi ndiye tanzia. Mjomba Kihiyo alitupa fimbo yake, akanipakia mgongoni, mtu mwenye mvi, akashuka nami mpaka barabarani bila kunitua. Damu yangu ilimtiririka shingoni. Alikuwa akisema, "Vumilia mwanangu, vumilia mwanangu," na mimi nikamhurumia. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hana njia kama mimi, ila yeye alikuwa na sauti kubwa.

Hospitali niliyopelekwa ilikuwa mjini Tanga. Benchi nimekwisha kukusimulia. Kulikuwa na mama mmoja wa Kidigo karibu yangu, anauguza mtoto, akaniona natetemeka, akavua mtandio wake akanitupia. "Jifunike, mwanangu. Utanirudishia kesho kwa Mungu," akasema. Sikujua jina lake na mtandio sikumrudishia. Ukipewa huruma ndogo kama hiyo, ipokee, usiulize maswali.

Walinipiga picha ya kifua kwenye chumba chenye baridi, nikaambiwa nisivute pumzi, nikataka kucheka, maana pumzi yenyewe ilikuwa wapi? Daktari akaishika picha kwenye mwanga akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaandika bila kunitazama mimi. Nikapelekwa wodi ya nyuma, iliyo peke yake, yenye baraza ndefu inayotazama magharibi. Nikapewa kitanda, na kikopo cha kutemea chenye kifuniko. Maji nilinywea kikombe changu. Zaina alikuwa amekifunga kwenye kanga pamoja na nguo zangu, uzi wake ukiwa pale pale.

Toka hapo sikuhesabu tena siku, nilihesabu sindano. Kila asubuhi dresa, mwuguzi wetu wa sindano, alipita na sinia lake. Alikuwa Mtanga mtu wa mzaha. "Geuka, bwana harusi," anasema, "chai yako imekuja." Matako yalivimba mpaka nikawa sijui nilale upande upi. Halafu kulikuwa na dawa ya kunywa, chungu, inayokaa tumboni kama kokoto, na chakula chochote kilinuka mafuta ya taa. Tulikatazwa kutembea. Lala, tuliambiwa, kulala ni dawa. Mimi niliyevuka vilele vinne kabla ya adhuhuri nilikatazwa kwenda mwenyewe mpaka dirishani.

Kitanda cha jirani alikuwa Yohana, manamba aliyetoka mbali sana, huko magharibi, kuja kukata mkonge. Hakuwa na mtu wa kumtembelea. Alikuwa na kitabu chake cha nyimbo za kanisani na sauti ya kukwaruza, na akiimba wodi nzima ilimwambia anyamaze, naye hanyamazi. Asubuhi moja baada ya mvua akaniambia, "Mhina, kwenu si ndiyo kule?" Nikageuza shingo. Mawingu yalikuwa yameondoka, na milima ilikuwa imetokeza kule mbali, bluu. Nililia. Yohana akashuka kitandani kwake, jambo alilokatazwa, akakivuta kitanda changu, kelele zake zikasikika mpaka nje, akakielekeza magharibi. Kila palipokuwa peupe nilimfundisha majina: kile Bagai, nyuma yake Mlemwa. Kwa mbali kule huwezi kujua kipi ni kipi, nilikuwa nabahatisha, lakini yeye alivishika vyote.

Yohana hakupata masika. Siku moja niliamka nikakuta godoro lake limeanikwa juani na kitabu chake kimewekwa dirishani. Nilimwuliza dresa nani atawaambia watu wake. Akasema, "Ofisi itaandika." Nilifikiri juu ya barua ile inasafiri peke yake kwenda kwa watu wasiomjua aliyeiandika, na nikasikia baridi.

Zaina alikaa Nguvumali, mtaa mmoja wa mjini, kwa Bi Mwanakombo, mama mmoja mjane aliyempa pembe ya chumba naye akamsaidia kukaanga vitumbua. Alikuja wodini siku za kutazama wagonjwa, akaketi kwenye kigoda miguuni pangu, akanisimulia mambo ya mji. Alikunywa maji kabla hajaja. Hakusema, lakini nilijua, maana nilipomkaribisha chai alikuwa hana kiu daima. Ndugu zake walikuja toka Mkwaja kumchukua, wakasema hawakumwoza kwa kikohozi. Aliwaambia wangoje amalize kufua. Akafua, akaanika, akafua tena vilivyo safi, mpaka wakachoka wakaenda zao. Aliponisimulia tulicheka hata nikakohoa. Usiku niliona aibu kwamba mwanamke mzima anateseka kwa ajili ya mtu asiyeweza hata kubeba ndoo.

Kisha masikio yakaanza kuvuma. Ni ile sindano, dresa akasema, huponya kifua ikala masikio. Ilianza kama nyuki, ikawa kama mashine ya korona iko ndani ya kichwa. Baada ya hapo sakafu ikanikataa. Nikisimama, inainama. Nikifumba macho ninaanguka. Wewe unayeyasoma haya wakikuambia kizunguzungu kitakwisha, waamini, maana kwa wengi hupungua. Mimi changu kilibaki. Hata leo, nilipokwisha kuandikiwa kwamba nimepona, natembea kwa fimbo na gizani sitoki nje. Mlima sijaupanda tena wala sitaupanda. Nyumbani nilijengewa kibanda chini barabarani, na watu wa vilele vinne ndio wanaoniteremkia mimi.

Mama hakuja hospitali. Alituma vitu: ndizi, kibuyu cha maziwa ya mgando, siku moja boga zito ambalo Zaina alilibeba akilaani. Neno hakutuma. Kila Zaina alipotoka kwetu nilimwuliza, "Mama amesema nini?" akajibu, "Amekusalimu." Nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho si afya peke yake: nilitaka niende kwa miguu yangu mpaka mlangoni kwa mama, anitazame, aseme, "Najua hukunywa." Nililala na jambo hilo na kuamka nalo. Nilijiwekea kwamba nitapona kabla ya masika kwisha, nitapanda, atasema.

Katikati ya masika habari ikaja kwamba mama ni mgonjwa, haamki. Zaina akapanda kwenda kumwuguza. Mimi nikamwomba daktari aniruhusu. Akasema kifua kimeanza kufunga, nikiondoka sasa kitafumuka. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema pole, akaenda kitanda kingine. Mchana ule, wenzangu walipolala, nilivaa shati, nikashika ukuta, nikaanza kwenda. Nilikuwa nimepanga kufika kwenye lango, nikamate lori la Muheza. Nilipomaliza ukuta wa wodi palikuwa na uwazi mdogo tu kabla ya nguzo ya baraza, upana wa mkeka. Nikauvuka uwazi ule kwa macho. Miguu ilipofuata, sakafu ikapinduka, nikaanguka kifudifudi. Nililala pale nimekumbatia saruji, milima iko mbele yangu, nalia kwa hasira na kwa unyonge, mpaka dresa aliponikuta. Siku hiyo hakufanya mzaha. Aliniinua, akaniosha uso, akasema, "Makohozi yako ya mwisho hayakuonyesha kitu, Mhina. Humwambukizi mtu tena. Usijiue sasa." Sikumjali. Niliona ni maneno ya kumnyamazisha mtoto, na hata kama ni kweli, nani angeyaamini kwetu?

Zikapita sindano kadhaa. Mvua ikanyesha siku nzima, kisha siku moja jioni, kabla ya magharibi, ikakatika. Nilikuwa nimekalishwa barazani na shuka magotini. Nikamwona Zaina anaingia langoni.

Nilifurahi, nikakivuta kigoda kwa mguu. Akaja mpaka mbele yangu. Miguu yake ilikuwa na udongo mwekundu wa kwetu mpaka magotini, umekauka na kupasuka. Midomo nayo ilikuwa imepasuka. Kanga yake ilikuwa imekazwa kiunoni kama mtu wa safari.

"Karibu," nikasema. "Keti."

Hakuketi.

"Zaina, keti."

Alibaki amesimama. Mikono yake ilikuwa imeshuka ubavuni. Nikaelewa, na nilipoelewa nilianza kumbembeleza kama mwenda wazimu. "Keti, mke wangu. Keti kidogo tu. Keti nakuomba." Nilikishika kigoda nikakisogeza mpaka kikagusa miguu yake. Niliona kwamba akiketi, mama atakuwa hai.

Akasema, "Mhina, nimesimama kwako. Mama hayupo. Ametuacha alfajiri ya leo."

 Mimi sikulia bado. Niliuliza lile la kijinga ambalo kila mtu huuliza, "Leo hii hii?" akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikaona: leo hii hii. Mtu kafa Kwefingo alfajiri, naye Zaina yuko Tanga magharibi haijaingia, ana udongo wa mabonde yote miguuni.

"Nani kapeleka tanzia?"

"Mimi."

"Wewe? Vilele vyote?"

"Vyote. Mjomba alikataa, alisema mwanamke hajaonekana kufanya hivyo. Na wewe alisema usiambiwe kabisa mpaka upone. Lakini mama, akiwa hai, alikwisha kumkataza asinizuie, mbele ya watu. Alisema mtoto wa mwisho ni Mhina, na miguu ya Mhina ni Zaina." Sauti yake ilikuwa kavu, kila neno alilitafuta. "Bagai walinipa kigoda, wakaniletea maji kwa kata. Nikawaambia bado. Wakaniuliza, kuna kilele gani tena mbele ya Bagai? Nikawaambia kiko Tanga."

Alishuka Muheza, akapata lori la machungwa. Utingo alimpa nafasi akae juu ya magunia. Alisimama, ameshika ubao, njia nzima.

Nikasema, "Sasa umemaliza. Keti."

Akaketi, si kwenye kigoda, bali kitako sakafuni karibu na miguu yangu, akaegemeza kichwa kwenye goti langu. Sasa tulilia wote wawili. Tulilia mpaka muadhini akaadhini mjini na mtu mmoja akawasha taa ya wodi.

Kisha Zaina akajifuta akasema, "Nipe maji."

Nikamwambia angoje, nimwite dresa amletee gilasi. Palikuwa na mtungi kando yangu, lakini kikombe kilikuwa kimoja, kile cha bati. Uzi wake ulikuwa umechakaa, wekundu umebaki kidogo kwenye fundo.

"Hicho hicho," akasema.

"Zaina, hiki ni changu."

"Nakijua. Mama aliposhindwa kusema mengi alinishika mkono akasema, 'Mhina aambiwe wa mwisho. Ukanywe maji kwake.' Nikamwuliza, kwa Mhina, mama? Akasema, 'Kwa Mhina. Mwenyewe akuteke, kwa mkono wake.'"

Nilichukua mtungi. Kichwa kilikuwa kinazunguka, nusu ya maji ikamwagika magotini pangu na kichwani pake. Hakusogea. Nikamshikia kikombe, akakipokea kwa mikono miwili kama anavyopokea mtu aliyemaliza milima.

Nilitaka kumwuliza kama mama alisema neno jingine, lile nililolingojea toka kaskazi. Lakini Zaina alikuwa amekwisha kukiweka kikombe mdomoni, anakunywa kwa pumzi ndefu, na koo lake linapanda na kushuka. Nikamwacha anywe mpaka mwisho.